Peke yako mlimani, nani anajua ulikopita?

Isongole, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa kumi. Magari ya Tukuyu yanapita yakipiga honi, akina mama wanapanga viazi mviringo kwenye ndoo kando ya lami, na vijana wa bodaboda wamejikunyata ndani ya makoti ya mtumba wakisubiri abiria wa kwanza. Nyuma yao Mlima Rungwe umesimama wazi, hauna hata wingu moja.

Asubuhi ya namna hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kijana anashuka kwenye Coaster akitokea Mbeya mjini, mgongoni begi la shule, miguuni raba, mkononi chupa ya maji na chapati mbili kwenye mfuko. Anauliza njia, anaoneshwa kwa kidole, anaondoka. Hajaandika jina popote. Hajamwambia mtu atarudi saa ngapi wala atashukia upande gani.

Saa nane mchana upepo unaotoka Ziwa Nyasa unaleta ukungu. Unaanza kwenye mabonde, unapanda, unafunika msitu wa mianzi. Njia iliyokuwa moja na pana wakati wa kupanda sasa imegawanyika vijia vitatu vinne, vyote vya matope, vyote vina alama za kwato na viatu. Kimoja kinamrudisha Isongole. Vingine vinakwenda kwa wakata mianzi na kuishia hapohapo.

Mhariri alinipa swali moja la kufuatilia: je, mtu aruhusiwe kupanda milima yetu ya Nyanda za Juu Kusini peke yake? Ni swali linalosikika la kanuni na vibali. Lakini ukilifuata mpaka mwisho linakufikisha kwenye jambo zito zaidi: mtu huyo asiporudi, nani atajua, na wa kumtafuta aanzie wapi.

Milima inayofikika kwa daladala

Rungwe ni mlima wa volkano wenye urefu wa karibu mita 2,960. Tangu mwaka 2009 msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Miteremko yake ya kusini mashariki hupata mvua inayoweza kufika milimita 3,000 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo Rungwe hauna uhaba wa ndizi, chai wala matope.

Ng'ambo ya pili, ukipanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, unafika Matamba na kisha Kitulo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, na watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi. Kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka zimepigwa sakitu, nyeupe, na zinavunjika chini ya kiatu.

Juu ya Jiji la Mbeya ipo Loleza, mita 2,656, na nyuma yake Kilele cha Mbeya kinachopita mita 2,800. Mtu anaweza kunywa chai mjini, akatembea, na saa nne asubuhi akawa anautazama uwanja wa Sokoine kutoka juu.

Iringa ni habari nyingine. Mwamba wa Gangilonga, ambako inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda kukaa na kutafakari, unapandwa kwa dakika chache tu, na kila jioni utawakuta wanafunzi juu yake. Lakini katika mkoa huohuo, upande wa Kilolo, safu ya Udzungwa inapandana na mawingu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na haina barabara ya gari ndani yake. Kilele chake, Luhomero, kinapita mita 2,500. Kote huko ni kwa miguu, na chini ya miti ileile wanatembea tembo, nyati na chui.

Tofauti hizo zina maana. Anayesema "milimani hatari" na anayesema "milimani salama" mara nyingi hawazungumzii mlima mmoja.

Mwezi wa kumi una mambo yake

Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei. Kabla yake, Septemba na Oktoba, miombo ya Iringa huchipua majani mekundu ardhi ingali kavu, kana kwamba miti imeshapata taarifa ya mvua kabla ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Njia zimekauka, anga ni jeupe asubuhi, na mtu mwenye miguu mizuri anatamani kutoka.

Ndio wakati wa moto vilevile. Nyasi zinachomwa kuandaa mashamba na malisho, na upepo wa mchana ukigeuka, moto unapanda mlima kwa kasi ambayo mtu hawezi kushindana nayo. Kisha mvua za kwanza zinaingia na radi. Juu ya mti wa mwisho, kwenye nyasi tupu za kilele, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Ipo pia hesabu ya baridi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Kutoka Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, hadi kilele cha Rungwe unapoteza nyuzi saba au nane. Weka juu yake mvua, upepo na fulana ya pamba iliyolowa, nawe hujafika jioni bado.

> Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha anaacha kujali. Anayeacha kujali hajui kama ameacha kujali. Anayeliona ni mwenzake, kama anaye.

Skii za mwaka 1912

Mbali na huku swali hili la kwenda peke yako limeulizwa kwa muda mrefu. Ulaya na Marekani ya Kaskazini, majira ya kuchipua ndio msimu wa watu wanaofunga miguuni skii za kutelezea kwenye theluji na kwenda milimani nje ya viwanja vya kuteleza, ambako hakuna mtambo wa kupandisha mtu wala mlinzi. Wanapanda kwa nguvu zao, na wakifika juu wanateleza kushuka. Wengine huenda peke yao, kwa sababu ileile inayomtoa kijana wetu Mbeya: utulivu.

Wana ratiba kali. Mchana jua huyeyusha uso wa theluji, usiku baridi huugandisha tena. Mjuzi huondoka kungali giza, akapanda juu ya theluji ngumu, na kabla ya adhuhuri anakuwa ameshashuka, kwa sababu theluji iliyolowa hulegea na inaweza kuporomoka na kumzika aliye chini yake. Wazee wa Rungwe hawajawahi kuona skii, lakini ratiba hiyo ndiyo yao: panda alfajiri, saa sita uwe umegeuza.

Na skii zimewahi kufika Tanzania. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda hadi kilele cha Kibo, Kilimanjaro, wakiwa nazo, wakazitumia wakati wa kushuka. Mwaka huohuo ndio wataalamu wanaouanzia kupima barafu ya Kilimanjaro, na vipimo vyao vinaonesha kwamba ilipofika 2007, asilimia 85 ya eneo lililokuwa limefunikwa na barafu wakati ule lilikuwa tupu. Ninaliandika hili kwa uchungu. Mtoto wa Machame wa leo atasimuliwa theluji ambayo babu yake aliiona kutoka mlangoni.

Kwa hao wanaokwenda na skii nje ya viwanja, tofauti kati ya kwenda wawili na kwenda mmoja inapimwa kwa dakika. Utafiti wa takwimu za Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionesha kuwa mtu aliyezikwa na poromoko la theluji akifukuliwa ndani ya robo saa, uwezekano wa kutoka hai unapita asilimia 90. Zikifika dakika 35, unabaki karibu asilimia 30. Ni nadra kikosi cha uokoaji kufika ndani ya robo saa. Anayekufukua ni yule uliyekuja naye.

Rungwe hakuna poromoko la theluji. Aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye mianzi hapewi dakika 15. Anapewa saa kadhaa, labda usiku mmoja. Muda huo ni neema kubwa, lakini unafaa tu ikiwa kuna mtu chini anayehesabu.

Hoja za walinzi wa hifadhi

Mamlaka za hifadhi zina jibu lao, nalo linaeleweka. Kilimanjaro, tangu mwaka 1991 kanuni haziruhusu mtu kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Udzungwa, ukiingia kwa miguu unaingia na mwongozaji, na kwenye njia ndefu anaongezwa askari mwenye silaha. Tembo hasomi bango, na mtu asiyejua kusoma upepo anaweza kujikuta yuko katikati ya mama na mtoto wake.

Wana sababu nyingine isiyosemwa sana kwa sauti. Mtu mmoja ndani ya msitu wa hifadhi, asiye na kibali, hawezi kutofautishwa na mkata mbao, mtega nyaya au mchimba madini. Askari aliyeko doria anaona koti tu kati ya miti. Kwa anayetembea kwa nia njema, kukutana na askari huyo jioni bila karatasi yoyote mfukoni ni hatari ya pekee.

Na gharama za kutafuta aliyepotea ni za kweli. Kilimanjaro ina kikosi cha uokoaji, ina vituo, na tangu Agosti 2022 ina hata intaneti ya kasi iliyofikishwa Horombo, kwenye mita 3,720. Kusini hatuna hayo. Ukipiga 114 utaipata Zimamoto na Uokoaji, lakini gari lao linaishia pale inapoishia barabara, na kutoka hapo ni miguu ya mtu na tochi.

Hoja za vijana wa kijijini

Ngosi ndiko suala la mwongozaji linakoonekana vizuri zaidi. Ziwa hilo la kreta, kati ya Mbeya na Tukuyu, linapendwa na kila mtu, kuanzia watu wa harusi hadi wanafunzi wa vyuo. Kupanda hadi ukingoni ni kazi ya saa moja na zaidi kidogo. Kushuka kutoka ukingoni hadi majini ni jambo jingine kabisa: ukuta wa udongo na mizizi, ambao mvua kidogo tu inaugeuza utelezi, na huko chini simu hazishiki vizuri.

Vijana wa vijiji vya jirani wanaujua kila mzizi unaoshikika na kila mzizi uliooza. Maarifa hayo ndiyo mtaji wao. Wao wanaona kwamba mtu wa mjini anayepita bila mwongozaji anawanyima riziki asubuhi, na akipotea anawaita usiku bila malipo. Sioni jinsi ya kulipinga hilo. Mtu akikwama, hatafutwi na aliyechapisha bango la utalii Dar es Salaam. Anatafutwa na kijana wa Isongole ambaye asubuhi anatakiwa kuwa shambani.

Kanda ya Kusini imetajwa sana kwenye mipango ya utalii. Uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kazi mwaka 2012, na mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa utalii wa kusini ambao Udzungwa ilikuwa ndani yake, kabla mradi haujasitishwa mwaka 2024 kwa malalamiko ya wananchi wa jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika mazungumzo yote ya viwanja na barabara, mtu anayekwenda usiku na tochi kumtafuta mgeni hakupata nafasi.

Hoja za anayetaka kwenda mwenyewe

Upo pia upande wa wale wanaopenda kwenda peke yao, na usidharauliwe. Wengi wao ni Watanzania. Mwalimu wa sekondari, nesi aliyemaliza zamu, fundi simu wa Mwanjelwa: wanataka siku moja ya kusikia pumzi yao wenyewe. Hawana fedha za kumlipa mwongozaji kila Jumamosi, na wanauliza kwa haki kwa nini mlima ulio nyuma ya nyumba yao wauingie kama wageni.

Kwa wanawake swali linabadilika sura. Anayekwenda peke yake anafikiria watu kabla ya kufikiria mawe na baridi: nani amemwona akiondoka, nani anamfuata nyuma. Kumwambia "usiende peke yako" hakumsaidii sana ikiwa anayepewa kuongozana naye ni mwanamume asiyemjua, ambaye jina lake halijaandikwa popote. Usajili wa waongozaji, wenye picha na namba, ungewafaa wanawake hao kuliko marufuku yoyote.

Binafsi naamini upweke wa mlimani una thamani yake. Mtu aliyezungukwa na kelele za pikipiki na spika za baa wiki nzima anaweza kurudi mtu mwingine baada ya saa sita za ukimya. Taifa linalosema linajali afya ya akili lisifunge mlango huo kwa urahisi.

> Wapanda milima wa mjini si watu wa kwanza kwenda peke yao. Ni watu wa kwanza kwenda peke yao bila mtu wa kuwasubiri.

Mgema hasubiri mwenzi

Nenda Kilolo au Mufindi wakati wa mvua uone. Mgema wa ulanzi anatoka alfajiri kwenda kwenye mianzi yake, anakata ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, mkato mwembamba tu, na kurudishia mbeta, chombo cha kukingia, ili mchirizi udondokee ndani. Mchana anarudi kukata tena, na jioni tena. Miteremko anayopita inateleza kuliko njia yoyote ya watalii. Yuko peke yake, na hakuna anayemwita jasiri.

Ila hayuko peke yake kwa maana inayohusika hapa. Mkewe anajua ni mianzi ipi. Wateja wanasubiri kilabuni, na saa kumi wakiwa hawajamwona watauliza. Jirani atasema alimwona akipita kwa fulani. Akianguka, kijiji kinajua aliko kabla jua halijazama.

Hivyohivyo mchungaji wa Makete na mama wa Uporoto anayeshuka na mzigo wa kuni. Nchi yao ya milima ina daftari, ila haliandikwi kwenye karatasi. Linaandikwa kwa salamu. Usipomsalimu mtu njiani Unyakyusa, umejifuta mwenyewe humo. Mgeni anayepita kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji na kusema "naenda juu, nitarudi saa tisa" hafanyi heshima tu. Ameweka jina lake mahali.

Maarifa ya watu hawa si ya kubeza. Watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, WCS, waliposikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 habari za kima wa ajabu aitwaye kipunji, walizisikia kutoka kwa wawindaji wa Rungwe. Wakamwona. Wakati huohuo, bila wao kujua, watafiti wengine walimkuta mnyama huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka 2006 kipunji akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Wawindaji walikuwa wanamjua siku zote.

Wanorwe waliifuta kanuni ya saba

Norwe ni nchi ambako kwenda milimani ni haki ya kila mtu. Sheria ya mwaka 1957 inampa yeyote ruhusa ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, awe na skii au bila skii. Kila Pasaka, theluji ingalipo, mamia kwa maelfu wanakwenda. Mwaka 1967 Pasaka hiyo iliua watu 18 milimani. Kuanzia hapo kanuni tisa za busara za mlimani, zilizokuwapo tangu miaka ya 1950, zilienezwa nchi nzima na Msalaba Mwekundu pamoja na chama cha watembea milimani, mpaka watoto wakazijua kwa moyo.

Kanuni ya saba ilisema: usiende peke yako. Mwaka 2016 kanuni hizo ziliandikwa upya, na hiyo ikaondolewa. Watu walikuwa wanakwenda peke yao tu, kanuni iwepo isiwepo. Iliyopandishwa hadi nafasi ya kwanza ni ile ya kupanga safari na kutoa taarifa unapopita. Ile ya nane haikuguswa: geuza mapema, kurudi nyuma si aibu.

Sisemi tuige Norwe. Wao wana helikopta za uokoaji, vibanda vya kulala na ramani nzuri kila duka. Ninachokiona ni kwamba nchi yenye uzoefu mkubwa wa watu kufa milimani iliangalia maneno "usiende peke yako" na "sema unakokwenda", ikabaki na la pili.

Daftari na mtu wa kulisoma

Msimamo wangu ni huu. Udzungwa na kwingine kokote kwenye tembo na nyati, utaratibu wa kwenda na mwongozaji na askari ubaki kama ulivyo. Mtu asiyeukubali achague mlima mwingine, na hatukosi milima.

Lakini Rungwe, Ngosi hadi ukingoni, Loleza, Kilele cha Mbeya na nyasi za Kitulo, mtu mzima anayejua anachokifanya aruhusiwe kwenda mwenyewe, kwa sharti la kuandikishwa. Jina, namba ya simu, namba ya ndugu, njia ya kupandia, njia ya kushukia, saa ya kurudi, na rangi ya koti. Akishuka anasaini. Saa ikipita bila saini, mtu anapiga simu. Simu isipopokelewa, watu wanapanda kungali mwanga, kwa kuwa huku jua likishazama hakuna jioni ndefu: mwezi wa kumi, saa moja na robo ni usiku mtupu.

Daftari lenyewe ni la shilingi chache. Kinachokosekana ni mtu wa kulisoma jioni. Ofisi nyingi zina kitabu cha wageni ambacho mtu huandika jina, akaweka sahihi, na hakuna anayekifungua tena mpaka kijae. Daftari la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu linampa anayepanda matumaini ya uongo kwamba kuna anayemsubiri.

Vikundi vya waongozaji ndivyo vinavyofaa kulishika. Wako pale kila siku, wanajua saa ukungu unapoingia, wanajua ni kijia kipi kinapoteza watu. Anayetaka mwongozaji amlipe. Asiyemtaka alipe ada ndogo ya kuandikishwa na kusubiriwa, na ada hiyo ibaki kwenye kikundi. Hapo kijana wa Isongole hanyang'anywi riziki na mtu anayependa kwenda peke yake, bali anampata kama mteja wa aina nyingine. Utabiri wa siku kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa ubandikwe hapohapo mezani. Kwenye njia panda za msitu wa mianzi vipigwe vibao, hata vya mbao za kawaida vilivyopakwa rangi ya njano. Mwanakijiji anayekwenda kwenye kuni au mizinga yake asisumbuliwe. Yeye ameshajiandikisha kwa majirani.

Mazungumzo ya kuwaweka mezani TFS, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Zimamoto na halmashauri za Rungwe, Makete na Mbeya hayahitaji mkopo wa nje. Yanahitaji mtu wa kuitisha kikao kabla ya mvua za Novemba.

Na kwenye kikao hicho ajenda ya kwanza isiwe vibali. Iwe yule atakayeamshwa usiku. Leo anapanda kwa hiari, na tochi ya simu yenye chaji nusu, na kandambili au mabuti ya shambani, akiacha watoto wamelala. Akivunjika mguu yeye, ni juu yake na ndugu zake. Apewe tochi ya kichwani, koti la mvua, kamba, mafunzo ya huduma ya kwanza, bima ya afya, na posho inayolipwa kesho yake asubuhi.